Mkanda Uliokaa Juu ya Moshi

Mpaka leo sijui kama Fundi alikuwa mwongo au alikuwa mkweli kuliko sisi wote, na nimeamua kuandika habari zake nikiwa bado sijajua, maana nikisubiri nijue nitazeeka na kalamu mkononi. Tulipanga vyumba vilivyoshikana pale Manundu, Korogwe, ukuta wa mbao katikati yetu. Upande wangu nilikodisha magauni ya harusi. Upande wake alifufua mikanda ya video iliyochakaa na kuihamishia kwenye sidii. Nilimjua kwa miaka ambayo wanangu walizaliwa, wakasoma, wakaanza kunisahihisha matamshi, na katika miaka hiyo alikuwa na kitu changu kimoja ambacho sikuweza kukipata. Kitu hicho ni maneno ya mwisho ambayo mama yangu aliniambia siku ya kuniaga.

Hilo nilieleze mapema, ili asomaye ajue ninacholilia. Niliolewa kwetu Handeni, miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipoanza kumiminika madukani na kila mwenye binti akataka harusi ya video. Fundi alikuwa mtu wa makamo mwenye kamera ya begani, na ndiye aliyekuja kutuchukua picha. Katika ukoo wetu binti huagwa na mama yake kwenye mlango wa jiko, si sebuleni. Husimama nje akiwa amefunikwa kanga gubigubi, mama husema yake, kisha humpulizia maji ya mdomoni, na safari imeanza. Sasa mama yangu hakuwa msemaji. Siku hiyo alikataa kufungua kinywa mpaka kamera igeuzwe imtazame yeye.

"Hicho chombo kinisikie," alisema.

Hayo niliyasikia. Baada ya hapo mashangazi walipiga vigelegele, ngoma ikapamba moto, mimi ndani ya kanga nalia kwa kwikwi, na sikusikia hata neno moja. Nilihisi maji tu shingoni.

Nilipokwenda kumsalimu baadaye nilimuuliza alisema nini. Alinitazama kama mtu aliyeombwa arudie kuzaa. "Nimeshasema, mwanangu. Yamo kwenye mkanda. Maneno ya mlangoni hayarudiwi." Ndivyo alivyokuwa, jambo alilisema mara moja. Nilipokuwa mdogo fisi alimla mbuzi wangu wa madoa, mbuzi niliyemlea kwa mikono yangu, na mama aliniambia, "Fisi amemla," akaendelea kutwanga. Nililia siku nyingi, lakini habari ya mbuzi yule haikutajwa tena nyumbani.

Kijijini hakukuwa na umeme wala deki, kwa hiyo mkanda wa harusi mama aliuweka mahali ambapo mtu wa kwetu huweka kitu asichotaka kiharibike: juu ya uchaga wa jikoni, kwenye moshi, pamoja na mahindi ya mbegu. Mbegu ikikaa kwenye moshi haitobolewi na wadudu, na mama hakuona kwa nini mkanda uwe tofauti. Nilimwomba niondoke nao. Akasema mjini kuna wezi, uache hapo. Alipofariki, shangazi yangu aliuteremsha ukiwa umeganda masizi kama chungu. Niliufunga kwenye kanga nikampelekea Fundi, ambaye wakati huo alikuwa ameacha kamera na kuanza kazi ya kufufua mikanda.

Aliupokea akaunusa. Aliutikisa sikioni, akaunusa tena.

"Huu umekula moshi," alisema. "Unakohoa. Niachie, Mama Magauni."

Nikamwachia. Sasa nimweleze mwenyewe.

Kila mkanda aliunusa kabla ya kuutazama, kama mama mkwe anavyonusa mboga ya mkwewe. Kisha alitangaza ulikokaa. "Huu umelala na samli." Mwenye mkanda akikataa, akisema umekaa sandukuni na vitabu vya dini, Fundi hakurudi nyuma. "Basi samli ilikuwa jirani." Mara nyingi alikosea, na nilishangaa kwamba kukosea hakukumpunguzia wateja hata kidogo. Watu walitoka Kerenge, Dindira, Ngombezi, wakasimama mlangoni na mifuko ya plastiki wakisubiri mikanda yao inuswe, na nadhani wengine walikuja kwa ajili hiyo hiyo.

Joto la Korogwe linajulikana. Hata mbuzi hutafuta kivuli cha mbuzi mwenzake. Lakini Fundi alifanya kazi amevaa koti la suti, jeusi, limeng'aa viwikoni. Nilimuuliza mara moja kama hafi na joto.

"Nakufa," alisema. "Lakini nashinda kwenye harusi za watu. Niende na singlendi?"

Na kweli alishinda harusini. Mkanda hauharakishwi, harusi ya kutwa nzima inataka kutwa nzima kuhamishwa, deki ikizunguka upande mmoja na kompyuta ikipokea upande wa pili. Umeme ukikatika waalikwa wakiwa katikati ya pilau, alirudi mwanzo, bibi harusi akashuka tena kwenye gari. Fundi alikaa mbele ya kioo cha televisheni muda wote na alizungumza nao. Mtu kwenye mkanda akisalimia kamera, "Shikamoo jamani," yeye alijibu "Marahaba" kwa sauti, bila kucheka, awe anayesalimia yu hai au yuko kaburini. Mara ya kwanza kumsikia nilidhani ana mgeni, nikamwandalia uji.

Kwa upande mwingine, mtu huyu aliyeishi kwa picha hakukubali kupigwa picha. Mteja akijaribu, hata kwa mzaha, aligeuka ukutani. Alikuwa na televisheni tatu na mpira aliusikiliza redioni. Aliogopa umeme: waya za deki alizichomeka kwa kijiti cha muhogo mkavu akiwa amefumba jicho moja. Nilipomcheka alisema, "Mama Magauni, hata mganga anaogopa nyoka." Sijui kama waganga wanaogopa nyoka. Kwa Fundi nilizoea kuondoka na jibu ambalo halikujibu chochote.

Kazi yenyewe niliitazama mpaka nikaijua kwa macho. Alifungua ganda la mkanda kwa bisibisi ndogo, akauvuta utepe kidogo kidogo, akafuta ukungu kwa spiriti na kipande cha satini alichoniomba kwenye mabaki ya magauni. Palipokuwa pamekunjamana alipapasa kwa ukucha. Palipokatika alipunguza kwa wembe na kuunga kwa gundi ya karatasi, akashusha pumzi. Huko kulikuwa kutibu. Lakini kulikuwa na mikanda ambayo sehemu nzima imeliwa, imeng'atwa na panya au imeganda hadi haifunguki, na hapo ndipo palipokuwa na jambo ambalo mpaka sasa sijui jinsi ya kulihukumu.

Alikuwa anatia kiraka.

Ili kulielewa hilo lazima ujue kwamba miaka ile karibu maharusi wote wa Korogwe walivaa magauni yangu. Hakukuwa na mengi. Lile la mikono ya puto, lile la shanga kifuani, na lile la mkia mrefu ambalo kila mwezi nililishona pindo kwa sababu kuna mtu amelikanyaga. Mabibi harusi walibadilika, magauni yakabaki yale yale. Basi Fundi akikuta sehemu ya kukata keki imeliwa, alitafuta kwenye makabati yake harusi nyingine yenye gauni lile lile, akachukua mikono ya maharusi wale ikikata keki yao, akaipachika hapa. Uso hakuuonyesha. Mikono tu, kisu, krimu, makofi.

"Fundi, hiyo ni dhambi," nilimwambia.

"Keki ni keki," alisema. "Wamekata, hawakukata?"

"Walikata."

"Basi."

Nilirudi upande wangu nikakaa kati ya magauni. Kila nikilitundika lile la mikono ya puto nilijisikia kama mshiriki wa kitu, ila sikuweza kukitaja jina. Mimi ndiye niliyewavalisha wote sare.

Siku moja akaja bwana mmoja wa Ngombezi, mfanyakazi wa kiwanda cha mkonge, amekamata sidii yake kwa vidole. Nasema vidole, lakini mkono ule wa kulia ulikosa kimoja. Mashine ya kuchakata mkonge ilikichukua ujanani mwake, kabla hajaoa. Mkewe alikuwa nyuma yake. Niliwajua, gauni lilikuwa la shanga. Nikajua na kilichowaleta, kwa sababu nilimwona Fundi akiwatia kiraka cha keki, na nilijua mikono ya kiraka kile ilikuwa na vidole vyote.

Nilisimama mlangoni nikisubiri ugomvi.

"Shikamoo, fundi," alisema yule bwana.

"Marahaba. Kuna tatizo?"

"Pale kwenye keki." Alinyoosha mkono, akautazama, akaushusha. "Nimeona kidole changu."

Fundi alishika ukosi wa koti lake.

"Mama yangu hajawahi kuniona na hicho kidole tangu nianze kazi," bwana yule alisema. "Naomba unitolee nakala nyingine nimpelekee."

Mkewe alianza kulia. Nilijaribu kuusoma uso wake nijue kama ni furaha au ni kutukanwa, sikuweza. Fundi alitoa nakala. Walipoondoka alinigeukia, na kwa mara ya kwanza nilimwona amechanganyikiwa kama mimi. "Sikujua ana upungufu," alisema. "Ningejua nisingetia." Halafu, "Au ningetia." Sikuona haja ya kumuuliza kipi.

Aliyemshinda alikuwa mzee mmoja mfugaji kutoka nyanda za Handeni, mwenye shuka na fimbo, aliyekuja na mkanda usio wa harusi. Mwanawe alimleta mtu wa kamera awapige picha ng'ombe wao, na mwaka uliofuata ukame ukawamaliza wengi. Mkanda ulikuwa umelala karibu na birika lililovuja. Fundi akafanya alichozoea: palipooza akapachika ng'ombe wa mkanda mwingine, wa rangi hiyo hiyo, mbuga hiyo hiyo, vumbi hilo hilo. Mzee alikaa kitini mbele ya televisheni akitazama na kuwataja mmoja mmoja kwa majina. Ghafla akainua fimbo.

"Hii si yangu."

"Mzee, tazama vizuri," Fundi alisema.

"Natazama. Hii ng'ombe ya nani? Na hii? Hii inachechemea, kwangu hakuna ya kuchechemea." Hakuwa na hasira. Alikuwa na wasiwasi, kama mtu aliyekuta mifugo ya jirani zizini kwake na anahofia kuitwa mwizi. "Toa. Mwenyewe atatafuta."

Fundi aliwatoa. Pakabaki giza, kioo kinameta chengachenga, sauti ya kengele za shingoni inasikika kwa mbali. Mzee alitazama giza lile mpaka mwisho kwa adabu ile ile aliyowatazamia ng'ombe. "Hapo walikuwa wanakunywa," alisema, akachukua sidii yake akaenda zake. Fundi alivua koti siku ile. Sikumbuki kumwona tena bila koti Korogwe.

Na mkanda wangu?

Kila nikiuliza, alisema bado unakohoa. Mwanzoni nilimwamini. Nilimletea satini nyeupe kabisa, nikamwambia futa kwa hii. Akafuta. Wiki nyingine alisema utepe umeshikana kama uji uliolala. Nyingine alisema anasubiri deki ya zamani kutoka Tanga, kwa sababu mpya zina meno makali. Mikanda iliyoletwa baada ya wangu ilipona, ikaondoka, ikachezwa, na mingine ikazoeleka hadi watoto wa watu wakachoka kuitazama. Mimi jirani yake wa ukuta mmoja, niliyempikia ndizi alipougua malaria, nilikuwa nasikia mama za wengine wakiwaaga binti zao kupitia mbao. Alikuwepo mama mmoja wa Dindira, mkulima wa chai, anamuaga binti yake kwa maneno matamu hadi nikaacha kushona nikalia. Fundi aliurudia ule mkanda mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nilidhani anaupenda.

Niliwaza mengi. Niliwaza ameupoteza. Niliwaza amepiga harusi nyingine juu yake. Siku moja hasira ilinipanda nikaingia kwake bila hodi.

"Fundi, nipe mkanda wangu kama ulivyo, na masizi yake. Nitatafuta mwingine."

"Hakuna mwingine," alisema. Hilo halikuwa majivuno, wakati ule kweli hakukuwa na mwingine.

"Basi nitie kiraka!" Nilishangaa kujisikia nikisema hivyo. "Mbona wengine unawatia? Nipe mama yeyote, mama wa Dindira, mtu amefunikwa kanga gubigubi nani atajua ni mimi au si mimi?"

Alinigeukia. Kwenye kioo nyuma yake bibi harusi wa mtu alikuwa amesimama kimya ndani ya gauni langu, kwa sababu Fundi alikuwa amesimamisha mkanda.

"Wewe nakujua," alisema.

Niliondoka nikiwa sijui kama nimeheshimiwa au nimedhulumiwa. Kwa mtu mwingine ningejua.

Vijana wenye kompyuta walipojaa mjini, na simu za kamera zikafuata, mikanda ilikwisha. Watu hawakuleta tena. Magauni nayo yakaanza kununuliwa, kila bibi harusi akataka la kwake, la mikono ya puto nikalikata kuwa mapazia. Asubuhi moja nilikuta chumba cha Fundi kitupu, deki zimeondoka, kijiti cha muhogo kimebaki kwenye soketi. Mezani aliniachia mkanda wangu umefungwa kwenye kanga ile ile, safi, hauna chembe ya masizi, na sidii juu yake.

Nilikimbia nyumbani. Nilimwona mama yangu. Sijamwona tangu azikwe na huyu hapa anapita na ungo, anamkaripia mtu pembeni, anacheka, nami nilikuwa nimesahau kwamba ana mwanya. Nililia kwa furaha nikamwita mume wangu. Kisha nikajiona mimi, lundo la kanga linalotikisika, nikaona mlango wa jiko, mama anasimama, ananyoosha kidole kwenye kamera. "Hicho chombo kinisikie." Kamera inageuka inamkaribia. Anavuta pumzi.

Halafu ni asubuhi, tuko kwa mume wangu, watu wanakula.

Hakukuwa na kiraka wala giza wala chengachenga. Palikuwa hapana kitu, kama vile kati ya pumzi ile na kile chakula hakukuwahi kuwa na dakika yoyote duniani. Nilirudisha nyuma mpaka sidii ikaanza kukwaruza.

Nilikutana naye tena baada ya miaka, bila kutafuta. Nilikwenda Handeni kumtazama shangazi, nikapita Chanika, pale pale Handeni mjini, kununua sukari, nikamwona kwenye baraza ya nyumba ya dada yake. Alikuwa amekaa kwenye kiti kilichong'olewa kwenye Land Rover. Macho yalikuwa yameingia ukungu. Hakuwa na koti.

"Shikamoo, fundi."

Aligeuza kichwa. Nadhani alinijua kwa sauti, lakini yeye alivuta pumzi puani kabla ya kujibu. "Marahaba, Mama Magauni. Unanuka pasi."

Niliketi kwenye ngazi. Tuliulizana habari za afya, za watoto, za Korogwe, na alipoishiwa maswali nilimuuliza langu.

"Palikuwa na nini pale, fundi? Moshi uliuunguza?"

"Moshi ulikuwa haujafanya kitu," alisema. "Mama yako aliutunza vizuri kuliko wote. Moshi ule ulikuwa mweusi nje tu."

"Sasa?"

Alipapasa mahali ambapo ukosi wa koti ungekuwa. "Siku zile mikanda ilikuwa adimu. Mwenye harusi ananunua mmoja, anataka siku mbili ziingie humo. Ukishusha kamera, ngoma inapoa, watu wanaona umewadharau. Kwa hiyo huishushi. Unazima, unaendelea kuibeba begani, unawaelekezea. Wanacheza. Tulikuwa tunaita picha hewa. Mama yako aliposema chombo kimsikie, nilikuwa nimewasha. Nikamgeuzia. Akavuta ile pumzi. Nikaona mkanda umebaki kidogo, na kesho yake kuna chakula cha kwa mume, nao wamelipia kionekane. Nikasema huyu mama wa kijijini, ataongea nini. Nikazima. Nikasogea karibu kabisa, nikamwelekezea usoni, akasema yote."

Barabarani kulikuwa na mtu anauza miwa, anazungumza na mnunuzi, na nilisikia kila walichosema. Nilitaka kumpiga yule mzee. Nilitaka pia kumshika mkono, na sikujua ni lipi lililotangulia. Aliniacha nisubiri moshi utoke kwenye kitu ambacho hakikuwahi kuwepo.

"Ungeniambia."

"Nilijaribu kukutia kiraka kwanza. Nilikuwa na yule mama wa Dindira, anaaga vizuri mno. Nilimpachika, nikatazama, nikamtoa. Nikampachika tena. Nilishindwa, kwa sababu mimi niliyasikia ya kwako." Alinigeukia na macho yake ya ukungu. "Nilikuwa karibu kuliko wote. Vigelegele vilikuwa nyuma, mimi mbele. Na mtu akikuzungumzia namna ile usoni, nawe unajua chombo chako kimelala, unasikiliza. Hata kama hutaki. Una kitu chochote cha kuchukua picha?"

Nilitoa simu yangu, ile ya laini mbili.

"Nielekezee," alisema. "Mama yako alitaka kutazamwa ndipo aseme. Na mimi siwezi hivi hivi." Fundi, ambaye aligeukia ukuta kila alipoona kamera, alinyoosha mgongo kwenye kiti cha Land Rover na kuweka mikono magotini. "Hakikisha kinachukua. Hakikisha kweli."

Nilihakikisha. Akavuta pumzi, ile ile ya mama kwenye mkanda.

"Mwanangu," alisema. "Umezoea kuniona sisemi, leo nasema. Maji yakiwa haba mpe mgeni, mpe mtoto, mpe mume, wewe ufuate. Lakini usiwe wa mwisho kila siku. Siku nyingine kunywa wa kwanza, hakuna atakayejua. Mama mkwe akikuwekea chai, usimalize kikombe, bakiza, ajue umeshiba kwake. Mbuzi wako hakuliwa na fisi. Nilimuuza. Ulikuwa unaanza shule na huna viatu. Nilikuona unavyomlilia nikashindwa kukwambia, na kila mwaka ikawa ngumu zaidi. Unisamehe." Hapo alisimama. Midomo ilitembea bila sauti. "Hapa alisema Kizigua cha kwenu, sikuyashika. Hapa pana giza," alisema kwa sauti yake mwenyewe, akasubiri kwa muda ambao maneno yale yangechukua. Kisha akaendelea. "Nenda. Mlango wa jiko hauna komeo."

Akapuliza hewa kidogo kwa midomo, pasipo maji.

Nilikaa na simu mkononi. Nilichosema kilikuwa cha kipuuzi.

"Kwetu hakukuwa na chai, fundi. Mama hakuwahi kunywa chai maishani mwake. Tulikunywa uji."

Alifikiri. Niliona akitafuta makabatini mwake, mkanda baada ya mkanda. "Basi chai itakuwa ya Dindira," alisema, amenyong'onyea. "Nilimrudia sana yule mama, ameingia. Na mbuzi?"

Sikumjibu. Viatu vile navikumbuka, vyeusi, vya kufunga kwa kamba, vilinibana. Lakini mimi ni mtu wa maneno, na ukuta wetu ulikuwa wa mbao. Katika miaka yote ile ya kuwabana mabibi harusi pini huku nikiwasimulia maisha yangu ili wasitetemeke, huenda nilisimulia habari ya mbuzi. Huenda nilisimulia na habari ya viatu. Najaribu kukumbuka kama niliwahi, na kila nikijaribu nasikia sauti yangu ikisimulia, halafu najiuliza kama siipachiki mimi mwenyewe.

Fundi alifariki kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Sikuwahi kwenda kumuuliza mara ya pili. Maneno ya mlangoni hayarudiwi, na niliogopa kwamba angeyarudia tofauti.

Picha ile bado ninayo. Imehamishwa kutoka simu ile kwenda nyingine, na nyingine tena, na wanangu ndio huihamisha. Wakati mwingine, nikichambua mchele, huwaambia waniwekee. Bibi harusi wangu wa mwisho alipokuwa anajipima gauni aliiona, na binti yangu mdogo naye siku ile ndipo alipoitazama vizuri kwa mara ya kwanza: mzee mwenye macho ya ukungu, amekaa kwenye kiti cha gari, anasema mwanangu unisamehe, ulikuwa huna viatu.

"Mama, huyu babu ni nani?" aliniuliza.

"Huyo," nilimwambia, "ni bibi yenu."